Faharasa ya Namba Katika Kanzidata: Nyenzo ya Kupunguza Muda wa Mwananchi Kusubiri Huduma

Kasi ya mfumo wa kielektroniki katika kutoa taarifa haitegemei ukubwa wa seva pekee, bali pia namna kanzidata ilivyopangwa. Miongoni mwa nyenzo za msingi za mpangilio huo ni faharasa, hususan inayojengwa juu ya safu zenye namba.

Jedwali lisilo na faharasa huulazimu mfumo kusoma mstari mmoja baada ya mwingine hadi uipate namba ya ankara au ya kiwanja inayotafutwa. Faharasa, kama ile ya mwishoni mwa kitabu, hutunza namba hizo kwa mfuatano, pamoja na mahali kila mstari ulipo. Aina inayotumika zaidi, iitwayo B-tree, ilibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa katika kampuni ya Boeing nchini Marekani, na maelezo yake kuchapishwa katika jarida mwaka 1972. Aina hiyo hupanga kurasa kwa ngazi. Iwapo kila ukurasa una nafasi ya namba 300, ngazi 3 zinatosha kuifikia mistari milioni 27.

Hata hivyo, si kila kinachoandikwa kwa tarakimu ni namba ya kuhesabia. Kiasi cha fedha kikihifadhiwa kama maandishi, 100 hutangulia 20 katika mpangilio, na anayetafuta malipo ya kuanzia kiasi fulani hadi kingine hupata majibu yasiyo sahihi. Kinyume chake, namba ya simu ikihifadhiwa kama namba hupoteza sifuri ya mwanzo. Vilevile, Namba ya Utambulisho wa Taifa ya Tanzania, yenye tarakimu 20, haienei katika nafasi ya namba kamili ya biti 64 yenye alama, ambayo ukomo wake ni tarakimu 19. Utambulisho wa aina hiyo huhifadhiwa kama maandishi, na faharasa hujengwa juu yake vilevile.

Faharasa ina gharama. Huchukua nafasi ya diski, na kila taarifa mpya inapoingizwa, faharasa zote zinazoihusu huhuishwa. Kwa sababu hiyo, hujengwa juu ya safu zinazotafutwa mara kwa mara. Hata namna ya kuuliza ina uzito: kutafuta kiasi kinachozidi 5,000 hunufaika na faharasa, ilhali kugawanya kwanza kila kiasi kwa 1,000 ndipo kulinganisha na 5 huifanya faharasa hiyo isitumike.

Maamuzi hayo yakifanyika wakati wa kusanifu mfumo, mwananchi huhudumiwa kwa wakati na kwa taarifa sahihi.