Chema Chajiuza: Mwanamuziki Asiyetaka Kujulikana

Wahenga walituachia methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanamuziki wengi wa siku hizi ni kama hawajapata kuisikia. Kabla wimbo haujatoka, tumekwisha ambiwa mwimbaji anakula nini, analala wapi na amegombana na nani. Leo nataka tumzungumzie mtu wa mjini Houston, katika jimbo la Texas huko Marekani, ambaye tangu mwaka 1978 ametoa albamu zaidi ya 70 pasipo kuyaanika maisha yake hadharani. Anajulikana kwa jina la Jandek.

Santuri yake ya kwanza, Ready for the House, ilipewa nambari 0739, kana kwamba zilikuwapo nyingine 738 zilizotangulia. Hazikuwapo. Juu ya jalada liliandikwa jina la bendi, The Units, lakini ndani alikuwamo mtu mmoja na gitaa lake. Kwa kuwa bendi nyingine ilikuwa na jina hilo, santuri ya pili, ya mwaka 1981, ilitoka kwa jina la Jandek.

Aliyezoea dansi au taarab atashtuka akizisikia santuri hizo za mwanzo. Nyuzi za gitaa hazikukazwa kwa mpangilio tuliouzoea, na sauti ni kama ya mtu anayejisemea peke yake usiku wa manane. Wenyewe huko huuita muziki wa watu wa nje, yaani wa wale ambao hawakupitia shule ya muziki wala mlango wa kampuni kubwa za kurekodi.

Je, mtu kama huyo amewezaje kuendelea kwa zaidi ya miaka 40? Jibu ni kwamba usukani aliushika mwenyewe. Kampuni inayotoa kazi zake, Corwood Industries, haitoi za mtu mwingine. Anwani yake ni sanduku la posta. Mteja aliandika barua, akatuma fedha, akaletewa mzigo wake, na anayechukua nyingi alipunguziwa bei. Majalada yalikuwa na picha zenye ukungu za kijana, nyumba au mapazia, bila maelezo. Asiye na mdhamini hana wa kumlazimisha kuhojiwa.

Waandishi walimtafuta hata hivyo. Mwaka 1985, John Trubee wa jarida la Spin alizungumza naye kwa simu, akaelezwa habari ya riwaya saba zilizokataliwa na wachapishaji wa New York, kisha mwenyewe akazichoma moto. Mwaka 1999, mwandishi wa jarida la Texas Monthly alimfuata hadi akampata. Walikunywa bia, wakaongea mengi, lakini mtu huyo hakutaka kufuatwa tena. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2003 haimwonyeshi akihojiwa.

Halafu, Jumapili ya tarehe 17 Oktoba 2004, katika tamasha la Instal mjini Glasgow, Uskoti, alipanda jukwaani mtu mwembamba mwenye nguo nyeusi na kofia. Jina lake halikuwamo katika ratiba. Richard Youngs alipiga besi, Alex Neilson akapiga ngoma, na waliokuwamo ukumbini wakaanza kunong'onezana. Tangu siku hiyo amepiga muziki katika miji mingi, akitambulishwa kama mwakilishi wa Corwood.

Wapo wanaosema kwamba kujificha nako ni namna ya kujitangaza. Ni kweli kwamba ukimya wake uliwavuta watu. Lakini hebu tujiulize, ni mfanyabiashara gani atakayetega mtego kisha asubiri miaka 26 kabla ya kupanda jukwaani? Huyu hakuwachukia watu. Aliweka mpaka tu: nyimbo ni zenu, maisha ni yangu.

Mpaka huo unatuhusu sisi tunaonunua magazeti. Siku hizi kila mwenye simu mfukoni ni mpelelezi na mpiga picha, na wengi wetu tunaamini kwamba aliyetuimbia anatudai masikio yetu, nasi tunamdai sebule yake. Deni hilo la pili halipo. Ukinunua samaki sokoni, huombi kuonyeshwa kitanda cha mvuvi.

Jina alilopewa Jandek na wazazi wake limekwisha chapishwa kwingineko. Mimi sitalitaja, maana halitakuongezea hata noti moja katika wimbo wake. Anayetaka kumjua aanzie pale alipotukaribisha mwenyewe, kwenye santuri.