Kuchagua Fonti ya Ukurasa wa Yaliyomo

Ukurasa wa yaliyomo hausomwi kama insha. Msomaji huupitia kwa jicho au kwa kidole: anatafuta kichwa, anafuata mstari hadi kulia, anachukua namba, kisha anafunua. Mtahini akikosea mstari katika ripoti yako ya mradi, atafungua sura nyingine na anaweza kudhani kwamba sehemu anayoitafuta hukuiandika. Kwa hiyo, unapochagua fonti, jiulize: je, itamfikisha msomaji kwenye ukurasa sahihi?

Mambo manne ya kuzingatia

1. Herufi zitofautiane. Andika neno Ilala kwa fonti ya Arial. Utaona I kubwa na l ndogo zinakaribia kufanana kabisa. Andika tena kwa Times New Roman: sasa I kubwa ina serifu, yaani vistari vidogo kwenye ncha zake za juu na chini, nayo inajulikana mara moja. Arial ni fonti safi, lakini kichwa kama "Kiambatisho II" kitaonekana kama vijiti viwili. Ukiitumia, andika "Kiambatisho B".

2. Namba zikae sawa. Katika Times New Roman na Arial, tarakimu zote zina upana mmoja, hivyo namba za kurasa hupangika vizuri katika safu. Katika Georgia, baadhi ya tarakimu, kama 3, 4, 7 na 9, hushuka chini ya mstari. Hilo linapendeza ndani ya aya, lakini katika safu ya namba linayumbisha jicho.

3. Ukubwa utoshe. Ukubwa wa fonti hupimwa kwa pointi, na pointi 72 ni sawa na inchi 1. Kumbuka kwamba fonti mbili za pointi 12 hazionekani kuwa sawa: herufi ndogo za Arial ni ndefu kuliko za Times New Roman. Tumia pointi 12 kwa Times New Roman, au 11 kwa Arial. Usishuke chini ya 10, kwa sababu nakala ya fotokopi hufifisha herufi ndogo.

4. Ngazi zionekane. Fonti moja inatosha. Sura kuu ziwe na herufi nzito. Vichwa vidogo viwe na herufi za kawaida na vianze ndani kidogo. Epuka kuandika kichwa kirefu chote kwa herufi kubwa, maana maneno yote huwa na kimo kimoja na jicho hukosa alama za kushika. Weka vidoti kati ya kichwa na namba ili msomaji asipotee njiani.

Zingatia: Katika Microsoft Word, usibadilishe fonti kwa kuivulia maandishi ya yaliyomo kivuli na kuchagua nyingine. Ukisasisha jedwali lote, mabadiliko hayo yanaweza kufutika. Badilisha mtindo wenyewe: TOC 1 kwa sura, TOC 2 kwa vichwa vidogo.

Swali la mfano

Mwanafunzi aliandika ripoti nyumbani kwa fonti aliyoipakua kwenye intaneti. Alipeleka faili la Word steshenari kwa flashi, likachapishwa. Yaliyomo yalionyesha kuwa Sura ya Tatu iko ukurasa wa 11, lakini ilikuwa ukurasa wa 13. Eleza sababu moja ya kosa hili na njia mbili za kulizuia. (Alama 3)

Jibu

Sababu: Kompyuta ya steshenari haikuwa na fonti hiyo, hivyo ilitumia nyingine yenye herufi pana zaidi. Mistari iliongezeka na sura zikasogea mbele, lakini namba za yaliyomo zilibaki za zamani kwa kuwa jedwali halikusasishwa.

Njia za kulizuia: (i) Kutumia fonti inayopatikana katika kompyuta nyingi, kama Times New Roman au Arial. (ii) Kuhifadhi ripoti kama PDF kwenye kompyuta ile ile iliyoiandika, kabla ya kwenda kuchapisha.

Angalizo: Wanafunzi wengine hujibu tu "alikosea namba". Jibu hilo halielezi sababu. Onyesha jinsi badiliko la fonti linavyosogeza kurasa.

Jipime

Chapisha ukurasa wako wa yaliyomo. Mpe mwenzako ambaye hajaiona ripoti yako, mtajie vichwa vitatu, na umwombe akuonyeshe kila kimoja kilipo. Akisita au akifungua ukurasa usio sahihi, usimlaumu. Rudi kwenye mambo manne hapo juu, tafuta lililomkwamisha, na urekebishe kabla hujakusanya kazi.