Mlingoti Unaoweza Kulala

Mlingoti wangu wa kwanza hapa Bilpam, Juba, uliliwa na mchwa. Ulikuwa mti wa mita sita, niliununua sokoni Konyo Konyo nikauchimbia bila kuupaka hata oili chafu. Kabla mvua hazijaisha, ulijiinamia pole pole mpaka antena ikalala juu ya bati la jirani. Mwenye nyumba wangu, aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Kakuma, alitoka akautazama. "Fundi," akasema, "huu umechoka kabla yako."

Basi nikaamua kujenga wa chuma. Lakini Bilpam si Tanga nilikozaliwa. Mtaa huu unajulikana kwa makao makuu ya jeshi, nayo yamerithi jina la kambi ya waasi wa SPLA iliyokuwa upande wa Ethiopia miaka ya 1980. Ukisimamisha bomba refu lenye nyaya mahali kama hapa, watu watauliza, na wana haki ya kuuliza. Kwa hiyo leseni ya redio ilitangulia, kisha mkuu wa mtaa, kisha majirani mmoja mmoja. Koleo lilikuja mwisho. Nikajiwekea na sharti langu: mlingoti uweze kulala. Yeyote akiuona unamtia shaka, naushusha mbele ya macho yake kwa robo saa.

Wasiojua huniuliza kama nina stesheni ya muziki. Sina. Redio ya ridhaa, kama ngumi za ridhaa, haina mshahara wala matangazo ya biashara. Watu wenye leseni huzungumza wenyewe kwa wenyewe kupitia mawimbi, kila mmoja na alama yake ya wito. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, na Sudan Kusini ikapewa Z8. Katika wiki zilizofuata uhuru wa Julai 2011, kundi la wanaredio wa kigeni lilikuja Juba na alama ya ST0R, huku Z8 ikiwa bado haijatolewa, likafanya mawasiliano zaidi ya 100,000. Nchi mpya katika mchezo huu hugombewa kama nyama ya sikukuu.

Urefu wa mlingoti si sifa, ni hesabu. Gawa 143 kwa masafa katika megahezi, utapata urefu wa waya kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20 na kidogo; kwa 14.2 ni mita 10. Kila waya huukata katikati, kebo ikaunganishwa hapo juu, na mikono miwili ikateremka kama paa la nyumba. Kata mirefu kidogo kwanza, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Ukiutundika kwenye mita 10, waya wa 7.1 hurusha sehemu kubwa ya mawimbi juu, nayo huakisiwa na tabaka la anga na kurudi umbali wa mamia ya kilomita. Nairobi, kama kilomita 900, hunifikia mchana. Waya wa 14.2 kwenye kimo kile kile hutupa mbali zaidi, hadi Ulaya. Sioni sababu ya mita 20 za fahari.

Nilinunua mabomba mawili ya maji ya mita sita, la inchi mbili na la inchi moja na nusu. La pili huingia ndani ya la kwanza. Nikayapishanisha mita mbili, nikayafunga kwa bolti. Yote pamoja ni kama kilo 50. Chini kuna zege lenye mabamba mawili ya chuma na bolti nene iliyopita kati yake, ndiyo bawaba. Juu kabisa nikaweka kapi na henza, kama kwenye jahazi, ili niitweke antena na kuishusha bila kugusa mlingoti.

Siku ya kuusimamisha tulikuwa watu watano. Kamba mbili za ubavuni zilikwishafungwa, mbili zikashikwa, moja mbele na moja nyuma. Ulipofika nusu, kamba ya upande wa mashariki ilikaza mpaka ikaanza kulia. "Acheni! Rudisheni!" nikapiga kelele. Kosa lilikuwa langu. Ua una mteremko, nami nilipigilia kigingi cha upande ule chini kuliko bawaba. Vigingi vya ubavuni lazima viwe katika mstari mmoja na bawaba, kimo kile kile. La sivyo, kadiri bomba linavyoinuka, kamba hukosa urefu. Tungeendelea kuvuta, bomba lingepinda kama mrija wa soda. Tulimwaga zege jipya la kigingi kwenye kimo sahihi, tukangoja wiki nzima, kisha tukausimamisha.

Kelele za inveta ya jirani bado zinanisumbua jioni. Radi ni suala jingine: mawingu yakikusanyika nyuma ya mlima Jebel Kujur nachomoa kebo na kuitupa nje ya dirisha, hata kama niko katikati ya mazungumzo.

Juzi mwenye nyumba aliketi nami, sauti ya Nairobi ikaingia safi. Alisikiliza kimya, mkono shavuni.

"Kakuma je?"

"Umbali si tatizo, mzee. Awepo tu mtu kule mwenye redio na leseni."

Alitazama juu kwenye kapi, kisha akaniuliza waya wa mita 20 unauzwaje.