Beringi Haifi Ghafla

Wanachuo wengi wa Moshi tunaijua bodaboda kwa upande mmoja tu, wa abiria. Mimi niko pande zote mbili. Asubuhi niko darasani, jioni na wikiendi niko kijiweni Njoro natafuta hesabu ya mwenye pikipiki, na kinachobaki ndicho kinanisukuma bumu likichelewa. Siko peke yangu. Pale kijiweni tuko wanachuo kadhaa, na nina uhakika hata wewe unayesoma hapa una rafiki, kaka au mjomba anayeishi kwa magurudumu mawili.

Mwezi wa nne, masika yamekolea, nilikuwa namshusha mama mmoja kutoka Kibosho na mikungu miwili ya ndizi. Kabla ya kona, gurudumu la nyuma likaanza kutikisa mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Nikapunguza mwendo, nikasimama. Nilivyoinama kuangalia, gurudumu lilikuwa limelala upande na cheni inakwangua chuma. Mama alishuka, akaweka mkono kiunoni, akaniuliza, "Mwanangu, hiki chombo kinalia tangu tumeondoka kule juu. Wewe hukusikia?"

Nilisikia. Nilikuwa nasikia kwa wiki mbili. Nilijua ni beringi, ila nikawa najiambia siwezi kuibadilisha tena, kwa sababu nilikuwa nimeibadilisha si muda mrefu. Nikailaumu spea feki. Fundi mzee wa mtaani kwetu alipofungua gurudumu, akacheka kidogo. "Dogo, beringi haina kosa. Aliyekufungia hakurudisha bushi." Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: beringi nyingi mpya zinauawa siku ile ile zinapofungwa.

Kwanza tuelewe beringi ni nini. Ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake kuna gololi zinazozunguka zikiwa zimetenganishwa na kizimba chembamba. Pete ya nje imekazwa ndani ya kitovu cha gurudumu, kile mafundi wanachokiita habu. Pete ya ndani inapitiwa na ekseli. Gurudumu likizunguka, pete ya nje inazunguka nalo, ya ndani inatulia, na gololi zinabeba mzigo wote: pikipiki, wewe, abiria na ndizi zake. Gurudumu la mbele lina beringi mbili. La nyuma, kwa pikipiki nyingi za bodaboda, lina mbili kwenye habu na ya tatu kwenye kitako cha sproketi. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayovutwa na cheni kila unapopanda mlima.

Huku kwetu adui wa beringi ni maji na udongo. Ukishuka Mabogini unapita matope ya mashamba ya mpunga. Ukipanda Uru au Kibosho unapata udongo mwekundu, ambao wakati wa masika ni uji na wakati wa kiangazi ni unga. Halafu jioni tunapeleka pikipiki kuoshwa, mpira wa maji ya presha unaelekezwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu ili iwake vizuri. Maji hayo yanapenya kwenye sili, yanaosha grisi, na gololi zinaanza kupata kutu. Osha, sawa, lakini presha ikae mbali na kitovu.

Kukagua hakuhitaji fundi. Ni kazi ya dakika tano, ifanye mara moja kwa wiki, na wakati wa mvua mara mbili.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lielee. Shika tairi juu na chini, lisukume mkono mmoja na kulivuta mkono mwingine, kama unataka kulipindua. Kisha shika mbele na nyuma yake, rudia. Gurudumu zima halichezi hata kidogo. Ukisikia "kto, kto", kuna tatizo. Ila angalia kinachocheza ni nini. Kama uma wa chuma unaoshika gurudumu unacheza pamoja nalo, basi bushi za uma huo ndizo zimeisha, si beringi. Kwa gurudumu la mbele, weka kreti chini ya injini, fanya hivyo hivyo. Shokapu zikicheza pamoja na gurudumu, shida iko juu, kwenye beringi za usukani.

Baada ya hapo zungusha gurudumu kwa mkono na utege sikio. Sauti ya breki kugusa ni ya kukwaruza, inakuja na kupotea. Sauti ya beringi iliyochoka ni ya kusaga, kama mchanga kwenye kinu, na mkono ukiwa kwenye chuma cha pikipiki unaisikia ikitetemeka. Ukiwa na mashaka, toa gurudumu, ingiza kidole kwenye pete ya ndani na uizungushe polepole. Nzima inateleza kama imepakwa mafuta. Mbovu inakwamakwama. Hapo hakuna kujadiliana, na kuongeza grisi hakutairudishia uhai.

Ukienda dukani usiseme "nipe beringi ya nyuma". Soma namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Nyingi zetu ni za jamii ya 6301, 6302 au 6202. Tarakimu mbili za mwisho zinasema ukubwa wa tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha mara 5, kwa hiyo 04 ni milimita 20. Namba za mwanzo zinaonyesha aina na unene. Ndiyo maana 6202 na 6302 zinaingia ekseli moja lakini hazikai kwenye habu moja: ya kwanza ina upana wa nje wa milimita 35, ya pili 42. Mwishoni tafuta 2RS, maana yake ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. ZZ ina kifuniko cha bati, ambacho hakizuii maji vizuri. Kwa matope yetu chukua 2RS, na nunua sili mpya papo hapo.

Sasa kwenye kufunga. Hata kama unamlipa fundi, simama pale uangalie mambo manne.

La kwanza, beringi mpya igongwe kwenye pete ya nje tu. Wakati wa kutoa ile mbovu, fundi atapitisha chuma kirefu na kuigonga ya ndani, hakuna neno, inakwenda kutupwa. Lakini mpya ukiigonga pete ya ndani, pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia yake. Utaondoka inazunguka vizuri, baada ya wiki inaanza kuimba. Atumie soketi ya spana inayolingana na pete ya nje, au beringi ya zamani iwekwe juu ya mpya, agonge taratibu kwa kuzunguka. Akishika patasi, mzuie.

La pili, habu isafishwe na ipashwe moto kidogo. Ukiimwagia maji ya moto na kuikausha, alumini inatanuka na beringi inaingia bila vita. Na kama beringi mpya inaingia yenyewe kwa kidole, habu imekwisha, hiyo haitakaa.

La tatu ndilo lililonilaza njiani. Kati ya beringi mbili kuna bomba fupi la chuma, bushi. Linafanya pete mbili za ndani zisisogeleane unapokaza nati ya ekseli. Bila hilo, kila ukikaza nati unazibana beringi kwa ubavu, na gololi zinasaga ukuta badala ya kupita njia yake. Kwa hiyo: ingiza beringi ya upande mmoja hadi ifike mwisho, weka bushi, kisha ingiza ya pili mpaka iguse bushi, na uishie hapo. Usiendelee kugonga. Badilisha zote mbili pamoja, kwa sababu zimekula maji mamoja.

La nne, gurudumu likirudi, cheni iwe na ulegevu wa sentimita 2 hadi 3, nati ya ekseli ikazwe, na kota pini irudi kama ilikuwepo. Zungusha. Kama gurudumu lilikuwa jepesi na baada ya kukaza nati limekuwa zito, fungua tena, kuna kitu ndani hakijakaa. Baada ya siku mbili tatu, lishike tena juu na chini.

Najua jibu letu la kawaida: "Itasukuma hadi wiki ijayo." Nami nilisema hivyo, nikiwa na hesabu ya kupeleka na mtihani wa kusoma. Lakini ile kona ya Kibosho, kama gurudumu lingelala wakati nina mwendo, kilichokuwa mgongoni kwangu si ndizi tu. Beringi haifi ghafla. Inalia kwanza, kwa siku nyingi, na anayesikia mapema ni dereva.

Yule mama nilimrudishia nauli yake. Aliipokea, akahesabu, akapanda bodaboda nyingine. Kabla ya kupanda, aliinama akalishika gurudumu la nyuma na kulitikisa.