Haiku ya Kiswahili: baada ya kuhesabu 17

Anayejifunza kuandika haiku huanzishwa na hesabu: mizani tano, saba, tano, jumla 17. Kwa aliyesoma ushairi wetu, hilo ni jepesi. Mshororo mmoja wa tarbia una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Haiku nzima inauzidi mshororo huo kwa mizani moja tu.

Lakini Wajapani hawahesabu silabi kama Wafaransa. Kipimo chao huitwa on. Tōkyō, ambalo Mfaransa hulitamka kwa mapigo mawili, kwao lina manne: to-o-kyo-o. Shinbun, yaani gazeti, nalo lina manne: shi-n-bu-n, kwa sababu n inayofunga ina pigo lake yenyewe. Hapo Mswahili hashangai. Mbuni, mti wa kahawa, tunauhesabu m-bu-ni, tatu. Mbuni, yule ndege mkubwa, mbu-ni, mbili. Hata jina haiku tunalitamka kwa mapigo matatu kama wao. Na wenzangu wanaohofu kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kitavuruga hesabu, wajaribu: mtoto na mutoto, mtu na mutu, nchi na inchi. Mizani hazibadiliki.

Basi hesabu haikunishinda. Haiku yangu ya kwanza ilikuwa hii:

Ninakumbuka
mama yangu nyumbani
akiningoja

Mizani zimetimia. Mwalimu alinirudishia karatasi ameandika pembeni: "Sentensi moja, imekatwa vipande vitatu." Niliudhika siku mbili, kisha nikakubali.

Haiku ilianza kama hokku, ubeti wa kufungulia mashairi ya kupokezana. Ndivyo ilivyoitwa katika siku za Bashō (1644–1694). Jina la leo tumelipata kwa Masaoka Shiki, mwishoni mwa karne ya 19. Tangu zamani ilidai kigo, neno linalotaja majira, na kireji, neno la kukata, linalotenga picha mbili ili msomaji aziunganishe mwenyewe.

Kireji hatuna. Tatizo letu kubwa, naona, ni kitenzi. Akiningoja: mtenda, wakati, mtendwa, vyote ndani ya neno moja! Limemeza mizani tano na halikumwachia msomaji kazi yoyote. Nikaamua kuandika bila kitenzi, majina matupu yakae kando kwa kando, na kistari kifanye kazi ya kireji.

Kwa kigo, maua ya micheri hayatufai. Katanga tuna masika na kiangazi, na kila majira yana alama zake: moshi wa nyasi zinazoungua, baridi ya mwezi wa sita, uyoga sokoni, kumbikumbi mvua za kwanza zinaponyesha. Wajapani wana vitabu vizima vya maneno ya namna hiyo, vinaitwa saijiki. Cha kwetu kingeweza kuanza katika kitivo hiki hiki.

Mama alifariki mwaka jana, kabla ya mvua. Hii ndiyo ya pili:

Kiti cha mama —
mbawa za kumbikumbi
chini ya taa

"Ninakumbuka" limeondoka. Mwalimu safari hii hakuandika kitu pembeni; aliuliza tu kama kiti kiko ndani au nje. Bado nausumbukia mstari wa mwisho: "juu ya meza" nao una mizani tano.