Mwamba, Jua na Tumbo la Chombo

Mji wa Katoro unajulikana kwa biashara na dhahabu kuliko kwa uvuvi, lakini Ziwa Victoria haliko mbali nao, na katika mialo ya Mkoa wa Geita kama ule wa Nkome, yaani mahali mitumbwi inapopandishwa na samaki kupokelewa, chombo kinachovuja humkosesha mwenyewe kipato cha siku nzima. Wengi huulaumu mwamba uliotoboa tumbo la chombo, ilhali mara nyingi jua ndilo lililotangulia kulidhoofisha.

Ziwa hilo liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na limekatwa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua lake huangaza kutoka karibu na utosi mwaka mzima, na hewa iliyo juu yake ni nyembamba kiasi kwamba miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni lakini ndiyo inayochoma ngozi na kupausha rangi, hupita kwa wingi zaidi kuliko Pwani.

Mtumbwi wa mbao huathiriwa kwa namna yake. Ukianikwa mchangani kwa siku kadhaa, mbao hupoteza unyevu na kusinyaa, na kalafati, yaani nyuzi za pamba zinazopigiliwa kwenye maungio ili maji yasipenye, hulegea. Uvujaji wa namna hii si lazima uwe uharibifu, kwa kuwa mbao zikirudi majini huvimba na kubana tena. Fundi mwenye pupa anayeshindilia pamba nyingi katika maungio makavu ndiye anayeleta balaa, maana mbao zinapovimba hukosa nafasi, zikasukumana na kung'oa misumari kutoka kwenye mataruma, ambayo ni mbavu za chombo.

Boti za faiba zinahitaji ufundi mwingine. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa resini, utomvu wa kiwandani unaoganda ukichanganywa na kigumishi, na juu yake hupakwa jelikoti, tabaka laini la rangi linaloikinga na maji na jua. Ubavu ukipasuka, sehemu iliyokufa hukatwa yote, kingo zikapigwa msasa hadi ziwe na mteremko mrefu ili kiraka kipate eneo pana la kushika, kisha vipande vya mkeka wa faiba hupandanishwa kimoja baada ya kingine juu ya sehemu iliyokauka kabisa. Anayepiga msasa hana budi kufunika pua na mdomo, kwani vumbi la kioo hudhuru mapafu. Kigumishi kwa kawaida ni sehemu 1 hadi 2 kwa kila 100 za resini, na penye joto hutiwa kidogo. Kazi ikifanywa juani saa sita mchana, resini hugeuka ngumu kabla nyuzi hazijalowa, nayo hujipasha moto hadi ikapasuka. Kiraka kisichopakwa jelikoti au rangi hubadilika kuwa manjano, na baadaye nyuzi hujitokeza. Kubandika faiba ya resini ya kawaida juu ya mbao kuukuu ni akiba mbovu, kwa sababu haishiki mbao vizuri, na maji yanayojipenyeza nyuma yake huziozesha.

Kayaki, chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili kinachoendeshwa kwa kasia lenye mabapa mawili, mara nyingi ni ya plastiki iitwayo polietilini, ambayo gundi nyingi haziishiki. Ufa wake huzibwa kwa kuyeyusha ujiti wa plastiki ya aina ileile pamoja na kingo za ufa hadi vishikane. Jua hukata minyororo mirefu ya molekuli zinazoipa plastiki unyumbufu. Ndiyo maana matangi mengi ya maji ni meusi, kwa kuwa masizi ya kaboni yaliyochanganywa humo hufyonza miale kabla haijazama. Kayaki nyekundu au ya manjano haina kinga kama hiyo, hivyo hutegemea kemikali zilizotiwa kiwandani, ambazo huisha, na kivuli cha banda au turubai.

Kabla ya kuchomelea, fundi hukwaruza plastiki karibu na ufa kwa kisu: ikichunika kama utepe unaojikunja, bado ina uhai, lakini ikimeguka kuwa unga, kiungo kitashika huku ufa mpya ukifunguka pembeni yake, na chombo hicho hakifai tena kuvukia ziwa.