Wino wa Buluu na Karatasi za Nyumba

Wakati wa mvua, baba mmoja alifika katika ofisi ya misioni, ameshika bahasha kifuani kama mtu achukuaye yai. Bintiye alikuwa ameposwa, naye alikuja kuandikisha ndoa. Alipofungua bahasha, akatoa kadi ya ubatizo ya msichana. Mistari iliyopigwa chapa ilikuwapo, na muhuri ulikuwapo. Lakini jina la mtoto, jina la mama wa ubatizo na tarehe vilikuwa vimegeuka wingu la buluu lisilosomeka. Bati la nyumba lilikuwa limevuja usiku mmoja tu. Baba yule aliitazama kadi kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo: « Basi, Padri, mtoto wangu hakubatizwa? »

Alibatizwa, naam. Kitabu kikubwa cha ubatizo kilitolewa kabatini, na jina likaonekana, jeusi kama siku lilipoandikwa. Kadi nyingine iliandikwa palepale. Lakini sisi tuliokuwapo tulirudi nyumbani na swali: wino tunaoutumia kila siku ni wa namna gani?

Maana tuko wengi, walimu, makatekista na makarani, ambao hatujaiacha kalamu ya wino. Biki ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950, ikaenea dunia nzima, tena yafaa sana sokoni na safarini. Lakini biki yataka kukandamizwa, na mwalimu anayesahihisha madaftari hamsini jioni ajua vidole vyake vinavyomwambia. Kalamu nzuri ya wino yateleza yenyewe.

Wino ulio mezani petu ni Pelikan 4001, wa buluu ile ambayo Wajerumani huiita ya kifalme. Huuzwa katika chupa ndogo ya mililita 30 na kubwa ya mililita 62,5. Ndege aliye juu ya chupa ni mwari. Wakristo wa kale walisimulia kwamba mwari hujitoboa kifua ili awalishe makinda kwa damu yake, na kwa hiyo katika makanisa mengi amechorwa kama mfano wa Yesu. Günther Wagner, mwenye kiwanda, alimtoa ndege huyo katika nembo ya jamaa yake mwaka 1878. Hata hivyo sisi hufurahi kumwona pale mezani. Hatusemi kwamba kadi ya yule baba iliandikwa kwa wino huu. Hakuna ajuaye. Tuliupima kwa sababu ndio tulio nao, tena wino wa buluu wa namna yake uko katika maduka mengi.

Tuliutumia majuma matatu, katika kalamu mbili. Kwenye daftari la shule, lenye karatasi nyembamba inywayo wino kama mchanga, herufi zilisimama vizuri, hazikutoa vimizizi pembeni, na upande wa pili wa karatasi uliweza kuandikwa. Wino huu hautoki kwa haraka. Kalamu inayomwaga mno itatulizwa nao. Iliyo bahili itafutiwe wino mwingine. Rangi yake yapendeza: ni angavu ikiwa mbichi, ikikauka hupoa kidogo. Nao haudhuru kalamu. Hata kalamu iliyosahauliwa sandukuni kwa miezi, wino ukakauka ndani, mara nyingi huamka kwa kulazwa usiku kucha katika maji safi ya baridi. Akina mama nao watafurahi, kwa maana shati la mtoto likifuliwa mapema kwa maji na sabuni, doa hupungua sana.

Lakini maji yanayosafisha shati hayachagui. Tulidondosha matone mawili juu ya barua, tukangoja dakika moja, tukafuta kwa kitambaa. Maneno yalikwenda. Karatasi nyingine tuliibandika dirishani upande wa jua, nusu yake tumeifunika kwa kadi. Baada ya majuma matatu ile nusu iliyofunikwa ilikuwa buluu, na nyingine imefifia kama moshi. Wenye kiwanda hawafichi jambo hilo, waliutengeneza wino ufutike. Wenyewe huuza na kalamu ya kufutia, ile ambayo wanafunzi huipenda sana. Ncha yake moja hutoa dawa, na neno hutoweka. Rangi haikutolewa katika karatasi. Imebadilishwa umbo lake ndani, isionekane tena kwa macho. Ndiyo sababu ukiandika mahali pale kwa wino uleule, nao hutoweka, na ncha ya pili ya kalamu hiyo ina wino mwingine usiosikia dawa.

Kwa mtoto anayekosea hesabu, hiyo ni neema. Lakini fikirini, wazazi, karatasi ya mahari: ng'ombe wangapi wametolewa, wangapi wamebaki. Fikirini karatasi ya kununulia kiwanja, au ya deni. Mtu mwenye hila na kalamu ya kufutia hahitaji hata nusu dakika kuugeuza mwaka au hesabu, na miaka ikipita ndugu watashtakiana, kila mmoja akiapa kwa Mungu.

Kwa karatasi za namna hiyo uko wino mwingine, wa zamani sana, wenye chuma ndani yake. Watu wa Ulaya waliupika kwa mafundo yaotayo katika mti wa mwaloni mahali mdudu alipotaga mayai, wakayachanganya na chumvi ya chuma. Wino huo huingia katika karatasi ukiwa hafifu, kisha hewa huukaza, nao waendelea kuwa mweusi. Siku hizi hutiwa rangi ya buluu ili mwandishi aone anachoandika, na kwa hiyo huitwa buluu-nyeusi. Lakini si kila chupa yenye jina hilo ina chuma. Andikeni mstari, ngojeni siku mbili, mtieni maji: ukibaki mstari mweusi, mmeupata. Una ukali kidogo, kwa hiyo usiachwe ukauke ndani ya kalamu. Isafisheni mara kwa mara. Ule wino mzito wa wachoraji msiutie kamwe katika kalamu, kwa maana utaiziba.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu. Tena yaagiza kwamba katika kitabu cha ubatizo iandikwe baadaye kipaimara cha mtu, na ndoa yake pia. Basi mstari mmoja wa mtoto mchanga utafunguliwa tena baada ya miaka ishirini au thelathini, na padri ambaye leo bado ananyonya.

Sisi hatukuuacha wino wetu wa buluu. Makala hii yenyewe imeandikwa kwa huo kwanza, pamoja na makosa yake. Chupa ya wino wenye chuma tumeifunga uzi mwekundu shingoni, ili katekista akija kuandika usiku, umeme umekatika, mkono wake usikosee.